Shuka Juu ya Kaburi la Mama

Siku niliyomzika mama yangu, mwenyekiti wa tawi letu alishika pembe moja ya shuka, na mpaka leo wapo wanaoniambia nimshukuru kwa hilo. Simshukuru. Nimeshazeeka, magoti yananiuma, na watu wa umri wangu husameheana hata yale waliyokwisha kuyasahau. Lakini hili la shuka nalikumbuka, na sijalisamehe.

Kwetu Unguja mwanamke akifa huoshwa na wanawake, husaliwa, kisha wanaume humchukua kwenda kumzika. Wanawake hubaki nyumbani. Akifikishwa kaburini hutandazwa shuka juu ya shimo, watu wanne wakaishika pembe zake, ili umbo lake lisionekane hata likiwa ndani ya sanda. Chini ya shuka huingia wachache tu, wale ambao alipokuwa hai aliweza kukaa nao kichwa wazi: mwanawe wa kiume, kaka yake, mumewe. Hao ndio wanaompokea na kumlaza. Mama yangu alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mimi. Mwaka ule wote nilihangaika kutafuta mtu mmoja mwenye cheo atakayesema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba mimi ni mtu wa kuingia chini ya shuka.

Nilizaliwa Uroa, na mkunga alisema ni mtoto wa kike. Mimi sikuulizwa. Tangu nilipopata akili nilijua amekosea, kama mtu anavyojua, bila ya kutazama chini, kwamba ametoka arusini na ndara za mwenziwe. Baba alikufa nikiwa mchanga, kwa hivyo mkubwa wetu akawa mjomba, kaka yake mama. Nilipovunja ungo alinitafutia mume. Nilisema siwezi kuwa mke wa mtu. Mjomba akasema nimepandwa na shetani, nikapungwa, ngoma zikapigwa mpaka wapigaji wakachoka, na shetani hakutoka kwa sababu hakuwemo. Basi mjomba akamwambia mama achague: ama mtoto aolewe, ama wote wawili tuondoke pale kwake. Mama hakubishana naye. Alikusanya sindano zake, nyuzi na vitambaa, akavifunga ndani ya kanga, akanishika mkono tukaja mjini.

Tulipata chumba cha chini kwenye uchochoro mmoja wa Mkunazini, nyumba ya mawe yenye ubichi ukutani, na mama akaishi kwa kushona kofia za viua. Hizi ni kofia zetu za wanaume, zinazotobolewa vitundu vidogo vidogo na kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja humaliza wiki nyingi na nuru ya macho. Nilikua nikiona kofia zinatoka chumbani mwetu kwenda kwenye vichwa vya watu, na kila iliyotoka niliisindikiza kwa macho. Mama alikuwa akiniona, akinyamaza.

Mapinduzi yalipokuja tulijifungia ndani kama wenzetu, tukayasikia tuliyoyasikia. Sitayaeleza hapa. Wapo waliopoteza zaidi yangu, na ni haki yao kuyasema. Yalipotulia kidogo, tawi la chama lilifunguliwa karibu na kwetu, kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia. Mwenyekiti wake alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu mwenye mabega mapana na sauti ya kuita meli. Alisimama kwenye ngazi, watu tumejaa uchochoro mzima, akasema kuanzia siku ile hakuna bwana wala mtwana, na hakuna tena wa kumwambia mwenziwe wewe umezaliwa hivi basi utakufa hivi.

Niliyachukua maneno yale kama yalivyo. Wengine walisikia habari ya mashamba na majumba, mimi nilisikia habari yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama anikate nywele. Alinitazama, akachukua mkasi wake wa kofia, akanikalisha chini baina ya magoti yake, akazikata zote. Asubuhi yake nilikwenda tawini kuungana na wanaume waliokuwa wakijitolea kuchimba misingi ya nyumba mpya. Majembe yalikuwa yamepangwa ukutani. Mwenyekiti alinitazama juu mpaka chini, na alinijua vizuri, maana uchochoro wetu haufichi kitu.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Haya, chukua jembe, ndugu."

Ndugu! Zamani zile watu wote waliitwa hivyo, mkubwa na mdogo, mke na mume, na wapo waliokuwa wakilicheka neno lile. Mimi lilinishibisha. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na jioni nilikuwa natembea njia ndefu kurudi nyumbani ili nikutane na watu wengi zaidi wa kuniita.

Siku moja nilikuwa nakula, mama akaja nyuma yangu na uzi, akauzungusha kichwani pangu, akaufunga fundo, akaondoka. Sikuuliza. Baada ya wiki nyingi aliniwekea kofia juu ya mto, nyeupe, ya viua vidogo kuliko vyote alivyowahi kutoboa. "Vaa, baba," akasema. Kabla ya siku ile alikuwa akiniita "mama", kama kina mama wanavyowaita watoto wao wa kike. Nililia, na wala sikujificha.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na naisema hivyo bila ya haya. Nilijifunza kupiga chokaa kwa fundi mmoja, nikawa napewa kazi za kuta. Watu walinitania. "Fundi, lini unaoa na wewe, au wasubiri bibi wa serikali?" Nami nilikuwa na ulimi wa kuwajibu. Utani haukuniuma, kwa sababu hutaniwa aliye wao.

Halafu mambo yakaanza kukazwa. Redioni yakaja matangazo ya nguo za kihuni. Vijana wa tawi wakawa wanapita njiani na mkasi na chupa ya soda: suruali isiyoingia chupa kwa chini huchanwa pale pale, mwenyewe akaenda nyumbani mapaja nje. Yangu ilikuwa pana, chupa ikapita bila ya kugusa. Lakini kiongozi wao, kijana ambaye nilimpigia mama yake chokaa jikoni, aliinuka akapangusa magoti.

"Suruali haina kosa," akasema. "Kosa mwenye suruali."

Nilipelekwa tawini. Mwenyekiti sasa alikuwa na meza na feni. Nilimkumbusha alivyosema pale kwenye ngazi.

"Nilisema wanyonge," akanijibu.

"Na mimi nani?"

"Wewe si mnyonge. Wewe balaa. Sikiliza, bibie. N'kikuona tena na suruali au kanzu, utakwenda kambini kulima, na safari hii si kwa kujitolea."

Bibie! Nilitoka mle masikio yananiwaka. Kazi ya chokaa ikakatika, maana nani atampa ukuta mtu aliyekatazwa na tawi. Nikawa natoka na buibui la mama, nimeinamisha kichwa, na waliokuwa wakinitania wakawa wananipisha njia kimya. Ndipo nilipojua kwamba utani ulikuwa heshima. Mama alitulisha wote wawili kwa sindano, macho yameshaanza kumtoka machozi kwa kazi, na kila nikimtazama nilikuwa naona hasira inanipanda mpaka kooni. Sikuwa na pa kuitema.

Kisha yeye akaugua. Alianza kuvimba miguu, halafu pumzi ikawa fupi, akawa halali ila ameegemea ukuta. Asubuhi moja aliniita, nikaitika naam, nikakaa kitako kwenye mkeka.

"N'kifa, unitie kaburini wewe," akasema. "Kaka'ngu asinishike. Alinitoa kwake n'kiwa hai, asinipokee n'kiwa maiti."

"Mama, watakubali?"

"Sijui mie. N'shakwambia."

Nilijua nini kitatokea nikikaa kimya. Mama atakufa, mimi nitaachwa chumbani na kanga kichwani pamoja na wanawake, mjomba ataitwa kutoka Uroa kwa sababu ndiye mwanamume pekee wa ukoo, na mikono ile ile iliyotufukuza ndiyo itakayomlaza. Basi nikaamua kwenda kuomba mapema. Nilijiona mwerevu. Si walikuwa wakituhubiria kila siku kwamba mambo hupangwa kabla?

Nilianzia tawini, nimevaa buibui kama walivyotaka.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kumzika mama yangu," nikasema.

Mwenyekiti akainuka kitini. "Inna lillahi! Lini?"

"Bado. Yu hai."

Feni ilizunguka. Alikaa tena, polepole.

"Yu hai, nawe umekuja kuomba kumzika?"

Kwetu hakuna afanyaye hivyo. Mgonjwa huombewa afya hata akiwa na pumzi ya mwisho, na anayetaja sanda kabla ya wakati huambiwa anamwita Izraili. Nilijaribu kumweleza, maneno yakanigongana mdomoni. Akanikatiza. Akasema hayo mambo ya dini, tawi halimo, niende kwa kadhi.

Kadhi alikuwa mzee mpole, na upole wake uliniuma kuliko ukali wa mwenyekiti. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata. Aliniambia vitabu vinamtaja huntha, mtu ambaye mwili wake una shaka, haujulikani ni wa kike au wa kiume, na kwamba mtu huyo ana hukumu zake.

"Na ambaye mwili hauna shaka, sheikh, bali yeye mwenyewe ndiye anayejijua?"

Alifumba macho muda mrefu, nikadhani amelala.

"Hilo sijalikuta, mwanangu. Nenda kwa daktari kwanza. Akisema kuna shaka, urudi."

Daktari wa hospitali alikuwa mgeni, na alisema nami kwa mkalimani. Sitasimulia nilivyotazamwa. Nilikaza macho kwenye dirisha, nikawa nahesabu vipande vya kioo kilichopasuka. Mwishoni daktari alitabasamu, akasema maneno machache, na mkalimani akayageuza: "Anasema u mzima kabisa, unaweza kuzaa." Kisha akaongeza la kwake, maana daktari alikuwa ameshageuka kunawa mikono: "Rudi nyumbani ukaolewe, uache kutuchosha."

Nilirudi kwa kadhi na uzima wangu. Akasikitika kweli, nilimwona. Akasema basi kwa sheria mimi ni mwanamke, na mwanamke hateremki kaburini wanaume wakiwepo. Nikarudi tawini, mwenyekiti akanipeleka kwa kiongozi wa kina mama, chumba cha pili. Yule bibi alinikumbatia. Akasema wao wamekuwa wakiningojea siku zote, mimi ni wao, nije kesho nikashone nao, na mchumba watanitafutia mwenye moyo mzuri.

Hakuna aliyenipiga. Nilipewa viti, nikapewa chai, nikapewa pole. Neno moja nililolitaka kila mmoja alilisukuma kwa mwenziwe, kama kaa la moto lililodondoka mkekani. Nilipokuwa nikirudi siku ile ya mwisho, nilipita mbele ya nyumba mpya tulizozichimbia misingi, nikasimama nikautukana ukuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo juu akaniuliza nina nini. Nikashika njia yangu.

Lakini maneno ya tawini hayabaki tawini. Mke wa mwenyekiti alisikia nusu: yule fundi kaja kuomba kumzika mama yake. Nusu ya pili, kwamba mama yu hai, haikumfikia. Asubuhi yake, nikiwa najaza maji mtungi, niliona uchochoro umeingia weusi. Wanawake wa mtaa mzima, mabuibui, vichwa vimeinama, mmoja ameshaanza kulia kwa sauti, na mbele yao bibi yule aliyekuwa akiosha maiti wa mtaani, na ubani wake mkononi. Kabla sijaweza kusema kitu walishapita mlangoni.

Mama alikuwa ameegemea ukuta, kofia gotini, anatoboa viua.

"Karibuni," akasema. "Maiti hajawa tayari, lakini kaeni."

Aliyekuwa akilia akameza kilio chake. Mwengine akaanguka kwenye mlango. Bibi mwosha akapiga paja, akacheka mpaka ubani ukamwagika. Kisha wote wakanigeukia mimi, na kicheko kikakatika, kwa sababu walishafahamu nani alikuwa ametangaza msiba. "Mtoto gani huyu anayemwitia mama yake kifo?" mmoja akauliza. Nilisimama na kata ya maji mkononi, nikitamani ardhi inimeze.

Mama aliweka sindano chini.

"Muradi mshakuja," akasema, na pumzi ikawa inamkata kila neno, "basi msirudi bure. Sikilizeni wasia. N'kifa, wa kun'tia kaburini mwanangu huyu. Kaka'ngu asinishike. Nyinyi mashahidi, na atakayeuficha wasia wangu n'takutana naye mbele ya Mungu."

Bibi mwosha akainamisha kichwa mara moja. Walipoondoka, mama aliniuliza kama ni kweli nilikwenda kuomba ruhusa. Nikasema kweli, nimezunguka kote.

"Ruhusa ya nini uliwaomba? Wao ndo walokuzaa?"

Akachukua tena kofia yake.

Alikufa asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto. Nilimfumba macho mwenyewe, halafu sikuwa tena na la kufanya, kwa sababu wanawake walikuja wakalichukua jambo mikononi mwao. Nilikaa pembeni na kanga kichwani, nasikia maji yanamwagwa nyuma ya pazia. Nje, kwenye barza, nilisikia wanaume wanakusanyika, na katikati ya sauti zao nikaitambua ya mjomba. Alikuwa amepanda lori la samaki kutoka Uroa.

Pazia likafunguka. Bibi mwosha alitoka na mikono yake mibichi, inanuka kafuri, akaja akasimama mbele yangu.

"Wasia deni," akasema. "Kavae."

Kanzu yangu ilikuwa chini ya godoro la mama, imekunjwa na karafuu ndani yake. Alikuwa ameitunza kwa miaka ile yote bila ya kuniambia. Niliivaa, nikavaa kofia, nikatoka.

Sijapata kutembea safari ndefu kama ile ya kutoka mlangoni mpaka barzani. Mazungumzo yalikatika kipande kwa kipande. Vijana wa tawi walikuwa wameegemea ukuta wa pili, na kiongozi wao akajitenga na ukuta. Mwenyekiti alikuwa amekaa na wazee. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, maana ndiye mkubwa wangu.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitika. Alinitazama kofia, akatazama chini, na salamu yangu ikabaki pale pale mbele ya watu wote. Nadhani kama si jeneza kutolewa wakati ule ule, wangenikamata. Lakini watu hawagombani juu ya maiti. Jeneza lilipoinuliwa nilitia bega langu chini yake, na aliyekuwa mbele yangu hakugeuka, na wa nyuma yangu akaniambia kwa sauti ya chini nibadilishe mguu. Nikabadilisha.

Alisaliwa, tukafika makaburini, jeneza likawekwa chini na shuka ikatandazwa. Watatu walishika pembe zao, pembe ya nne ikawa inaning'inia. Mwenyekiti alisogea akaishika. Tulitazamana. Nilikuwa nimesimama ukingoni, mjomba ameshateremka pamoja na mchimba kaburi, na vijana wa tawi wako hatua chache nyuma yangu. Nilimngoja mwenyekiti aseme. Neno moja tu lingetosha, hata "mwache". Alikuwa na sauti ya kuita meli, na watu wote pale wangemsikia.

"Haya, upesi, alasiri inakaribia," akasema. Akageuza uso akatazama barabarani.

Niliteremka.

Chini ya shuka mwanga ulikuwa hafifu, na udongo ulinuka ubichi. Mjomba alikuwa karibu nami hata pumzi yake ilinigusa shavuni.

"Toka," akaninong'oneza. "Usimtie dada yangu aibu."

"Mama kasema usimshike."

"Mie kaka yake."

"Ulimtoa."

Juu walikuwa wameshaanza kumteremsha. Niliona sanda inakuja, nikanyoosha mikono, uzito wake ukanifikia kifuani, uzito mdogo mno, na mchimba kaburi akashika miguu. Mjomba aliinua mikono yake. Nilidhani ananisukuma. Lakini aliibandika mikono ile kwenye ukuta wa kaburi, nyuma yake, akabana mgongo hapo, akatuachia nafasi. Sijui kama ni aibu, au hasira, au ule wasia, maana sijui ulikuwa umemfikia au la. Hakumshika. Nilimlaza mama ubavu wa kulia, nikamfungua vifundo vya sanda, nikalilaza shavu lake kwenye udongo kama inavyotakiwa. Nilimwambia kitu ambacho ni changu na chake. Kisha tukapanga viunza, vile vibao vya kumfunika, na mchimba kaburi akasema tayari.

Shuka ikaondolewa, jua likatupiga usoni. Mjomba alipanda wa kwanza, na alipofika juu akapata sauti.

"Waislamu, mmeona? Aliyemzika dada yangu mwanamke!"

Watu wakatazama miguu yao. Kaburi lilifukiwa haraka, dua ikasomwa haraka, na ilipoishia amin vijana wakanishika mikono.

Tawini nilisimamishwa mbele ya meza nikiwa na udongo wa mama yangu mpaka viwikoni. Mjomba alipewa kiti. Mwenyekiti alikaa pahala pake, na kiongozi wa vijana akasimama ubavuni mwake, nyuma yao majembe yamepangwa ukutani kama siku ile ya kwanza.

"Wewe ulikuwepo, mwenyekiti," mjomba akasema. "Ulimwona akiteremka."

Nikamtazama mwenyekiti. Hata pale, nawaambia kweli, bado nilikuwa na tamaa.

"Mie n'lishika shuka tu," akasema. "Shuka ya kufunika, mzee, si ya kufunulia. Sikuona nani aliye chini."

Pumzi zilishuka chumba kizima. Kama hakuonekana mtu, hakuna kosa. Kama hakuna kosa, hakuna kambi. Hicho ndicho ninachotakiwa kushukuru, na ni kweli kwamba sikwenda kambini. Lakini mtu yule alikuwa amenitazama machoni kabla sijateremka. Aliniona akanifunika, kama mtu anavyofunika chungu chenye chakula kilichooza wageni wasinuse, kisha akataka nimwone ni mwema. Nilitamani kumrukia. Mjomba naye alikuwa amefura, kwa sababu na yeye amenyimwa jawabu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, mimi na mjomba tulikuwa tumekasirika kwa jambo moja.

Kiongozi wa vijana hakuridhika. Alinisogelea.

"Haya sema wewe mwenyewe. Ulifanya makosa, hukufanya? Unajuta?"

Mwenyekiti alinikonyeza niseme ndiyo, yaishe, kila mtu aende nyumbani. Neno lilikuwa dogo. Nilifikiri kadhi aliyefumba macho, daktari aliyekuwa akinawa mikono, yule kiongozi wa kina mama na mchumba aliyeniahidi, na chai zote nilizokunywa.

"Sijuti," nikasema. "Na kama kuna kosa, basi lirekebisheni. Majembe hayo nyuma yako. Nendeni mkamfukue mama yangu, azikwe na mwengine."

Feni ilikuwa ikizunguka. Kiongozi wa vijana alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama mjomba, na mjomba alikuwa akiitazama mikono yake. Mimi nilikuwa nikiyatazama majembe. Moja lilikuwa langu, nililijua kwa mpini wake.

Hakuna aliyenyoosha mkono kulichukua.